Mgeni Ndiye Hupewa Mkono

Eveline Kikoti alikuwa na kipaji kimoja ambacho hakuna mtu aliyewahi kumwonea wivu: aliyaona mabaya hata kabla hayajafunga safari. Mvua isiponyesha, miche yake ya parachichi kule Kalenga itakauka. Ikinyesha, itaoza. Simu ikiita alfajiri, kuna msiba. Isipoita, basi msiba upo ila watu wanamficha. Mchumba wake Asukile alishamtania mpaka akampa jina, Itakuwaje, na siku hiyo ya safari alikuwa amelipata jina hilo kihalali, maana tangu watoke Iringa hakuwa na wimbo mwingine.

"Asukile, itakuwaje mama yako asiponipenda?"

"Atakupenda."

"Itakuwaje nikimwaga chai mbele ya watu?"

"Tutapika nyingine."

"Na baba yako je?"

Asukile akacheka. Mkono mmoja ulikuwa kwenye usukani wa pikapu, mwingine ukautafuta mkono wa Eveline juu ya kiti, ukaukuta, ukatulia hapo. "Baba ndiye usimwogope kabisa. Mzee Anania ni mzee wa kanisa, mcheshi, anapenda wageni kupita kiasi. Nimeshaongea naye. Kaniambia mwenyewe, 'Huyo binti akifika nitamngoja pale pale uwanjani, nimpe mkono, nimwambie karibu.' Sasa unataka nini tena?"

Eveline alimtazama tu kwa pembe ya jicho, yule kijana mrefu mwenye kicheko kinachoanzia machoni, na moyo wake ukamwenda mbio kama siku ile ya kwanza. Asukile alifika kitaluni kwake Kalenga kununua miche ya parachichi. Kesho yake akarudi kununua mingine. Keshokutwa akaja mikono mitupu, akasema miche imemtosha ila kuna kitu alikisahau. "Umesahau nini?" Eveline alimuuliza, na Asukile, bila hata kupepesa macho, akasema, "Kukuuliza jina lako." Jamani, hapo moyo wa mwanamke ungefanya nini?

Lakini alikuwapo baba mdogo Timotheo. Yeye ndiye aliyemlea Eveline baada ya baba yake kufariki, na habari ya kijana wa Mbeya hakuipenda hata kidogo. Jana yake, wakiwa wanakula, alisukuma sahani pembeni akasema bila kupaza sauti:

"Eveline, aibu ya Amos nimeibeba mimi. Ya pili siibebi. Nenda ukawaone hao watu. Wakikupokea vizuri, posa yao nitaipokea. Wakikukunjia uso, rudi nyumbani, na jina la huyo kijana tusilisikie tena humu ndani. Kesho jioni nitapiga simu, nataka kujua kitu kimoja tu, wamekupokeaje."

Amos alikuwa mchumba wake wa kwanza. Siku Eveline alipopelekwa kwao, baba yake Amos alikuwa ameketi sebuleni. Alipomwona binti anaingia aliinuka, akatoka nje, na hakurudi tena mpaka wageni wakaondoka. Wiki haikuisha, wakatumwa watu kuja kusema uchumba umekufa. Sababu hakupewa mpaka leo. Tangu hapo Eveline alijifunza kuingia kila nyumba akiwa ameshajiandaa kufukuzwa.

Walipofika Uyole waliiacha lami, wakaanza kuupanda mlima. Kwa akina Asukile ni juu kabisa, kwenye mashamba ya viazi, ambako ukungu huingia hadi jikoni asubuhi. Mvua ya usiku ilikuwa imeiharibu njia. Kwenye kona ya mwisho, geti wakiliona kwa macho, gurudumu la nyuma likazama kwenye tope, pikapu ikaguna na kukaa.

"Sasa itaku..." Eveline alianza.

"Usilimalize," Asukile akamwambia. "Kaa hapo, nitafute jiwe."

Wala hakukaa. Alivua viatu vyake vya Jumapili, akavitupa juu ya kiti, akalikunja gauni magotini na kushuka. "Wewe washa, mimi nasukuma!" Asukile akabisha, Eveline akamfokea, Asukile akatii. Injini ikanguruma, gurudumu likazunguka, na tope lote likaja kumrukia Eveline kuanzia kifuani hadi usoni. Akabaki ameduwaa kidogo. Halafu kicheko kikamtoka, kile kicheko chake halisi ambacho hata yeye alikuwa hajakisikia siku nyingi, akaegemeza bega na kusukuma tena huku akicheka mpaka gari likachomoka.

Hapo ndipo alipoinua macho. Juu ya ukingo wa shamba, mzee mmoja mwenye koti la kijivu alikuwa ameegemea jembe, anamtazama. Bila shaka alikuwa ameona yote. Eveline akajifuta uso haraka kwa kiganja, akapiga goti kidogo kwa heshima.

Mzee akaliacha jembe likaanguka. Akageuka, akakimbia, tena kukimbia kweli kweli kwa umri ule, akazama kwenye mahindi.

Eveline akaacha kucheka. Asukile, aliyekuwa anahangaika na gia, hakuona kitu.

*

Mama Asukile alimpokea kwa vigelegele vilivyowafanya kuku watawanyike. "Ugonile, mwanangu! Ugonile! Jamani, tope lote hili! Ikupa, leta maji ya moto!" Akamkumbatia hivyo hivyo na tope lake, hadi kitenge chake safi kikachafuka, wala hakujali. Ikupa, dada yake Asukile, alikuja na beseni, akamnawisha miguu huku akimwita wifi kana kwamba walicheza pamoja utotoni.

"Na wewe gwe Asukile," mama akamgeukia mwanawe, "soda ziko wapi? Mchele uko wapi? Mgeni wa kwanza kutoka Iringa utamlisha hewa? Rudi Uyole sasa hivi!"

Asukile akamkonyeza Eveline, akamwambia kwa sauti ya chini, "Nusu saa tu, Itakuwaje." Akaondoka. Simu yake akaisahau mezani inachaji.

Nusu saa hiyo, wacha tu. Eveline alipomaliza kunawa, Ikupa akamwambia apite sebuleni apumzike. Akasukuma pazia, akaingia. Mzee Anania alikuwa kwenye kiti chake, ameshafika kwa mlango wa nyuma, anasoma gazeti. Macho yao yakakutana mara moja tu. Mzee alilipandisha gazeti mpaka juu ya kipara, akasimama, akaanza kurudi nyuma kuelekea mlango wa uani na gazeti lake usoni. Akagonga fremu ya mlango, akasema "Aa!", akaupapasa mlango, akaupata, akatoka.

Eveline akabaki amesimama katikati ya sebule, mikono imening'inia. Kiti cha mzee bado kilikuwa na joto. Alikitazama kile kiti, akaona sebule nyingine na kiti kingine, akamwona baba yake Amos akiinuka vilevile na kutoka vilevile. Machozi yakamlenga.

Ikupa aliingia na chai, akakitazama kiti kitupu, akaangua kicheko. "Ameshatoka? Mh! Baba leo atatembea mpaka achoke!"

"Hataki kukaa?" Eveline aliuliza.

"Akae wapi na wewe umo humu?" Ikupa akajibu kwa furaha, akammiminia chai.

Maneno hayo yakamchoma Eveline hadi mfupani. Alimshangaa huyu msichana anayeweza kumwambia mtu jambo kama hilo huku akimwekea sukari. Mara ya tatu ilikuwa uani. Alikuwa anatoka kwenda jiko la nje kumsaidia mama, akaliona lile koti la kijivu likitokea upande wa bombani. Koti lilisimama, likasita, kisha likapotea upande wa banda la ng'ombe.

"Baba haji kula?" alimuuliza mama, akijikaza.

"Mwache huyo," Mama Asukile alisema bila kuinua macho kwenye sufuria. "Leo ndiyo mambo yake. Atakula ukishaondoka mbele yake."

Basi. Eveline alirudi ndani, akauchukua mkoba wake. Kichwani alikuwa ameshaipanga hotuba nzima. Atamngoja Asukile getini. Atamwambia asante kwa yote, miche ya parachichi aendelee kuimwagilia asubuhi na jioni, na baba yake asimlaumu. Atapanda basi la Iringa. Baba mdogo akipiga simu atamwambia neno moja, na jina la Asukile halitasikika tena Kalenga. Alishaanza hata kuwaza atakavyolia, kwenye kiti cha dirishani, akijifanya anatazama nje.

Alipofika kwenye baraza ya jiko, mvua ikamwagika. Haikuanza na manyunyu, ilimwagika yote kwa mara moja kama ilivyo kawaida yake huko milimani, na geti likapotea machoni.

"Unakwenda wapi na mkoba?" Mama Asukile akapaza sauti. "Kaa hapa, mwanangu. Viazi vinaiva."

Akakaa. Angefanya nini? Mkoba akaupakata. Barazani palikuwa na moto, sufuria ya maharage, na viazi vipya vimefukiwa kwenye majivu. Mbele yao, ng'ambo ya uwanja mdogo, lilikuwa banda la ng'ombe. Ikupa alikuwa amekaa juu ya ndoo, anachoma mahindi na kuimba.

"Kule shambani maji yatasomba matuta yote," Eveline alisema, maana hata huzuni yake haikumzuia kuwahesabia wenzake hasara.

"Labda," Mama Asukile akasema.

"Hamwogopi?"

Mama akachekea puani. Alifukua kiazi kwa kijiti, akakipuliza majivu, akakirusha kutoka mkono huu kwenda huu. "Nilikuwa naogopa, mwanangu. Nilipoolewa nilikuwa kama wewe. Ndiyo, nimekuona, usinitazame hivyo. Tangu umefika uso wako uko msibani. Basi wingu likionekana tu kule Rungwe, mimi huku nimeshalowa. Nalia viazi havijaoza. Nalia mtoto hajaugua. Siku moja nikamwambia mume wangu, 'Mwaka huu mvua imeninyeshea sana.' Akaniambia, 'Mke wangu, mvua mwaka huu imenyesha mara chache tu, siku nyingine zote ulijinyeshea mwenyewe.'" Akacheka tena peke yake kwa kumbukumbu hiyo. "Nilikasirika, nikanuna siku mbili. Baadaye nikaona mzee amesema kweli. Mvua ikija nitalowa mara moja, inanitosha. Haya, shika kiazi. Kimegawanyika chenyewe, ona."

Eveline akakipokea. Kilikuwa cha moto, ganda limepasuka, ndani kimechanua cheupe pee. Akakitia chumvi, akakitia mdomoni.

Na hapo, msomaji, sijui nikuelezeje. Kilikuwa kiazi tu. Lakini kilikuwa kitamu ajabu, cha unga, chenye harufu ya moshi, na kwa kuwa kilikuwa cha moto mno, hakuweza kuwaza kitu kingine wakati anakitafuna. Alipomeza aligundua kuwa muda wote ule hakuwa na huzuni. Mvua ilikuwa inapiga bati, moto ulikuwa unampasha magoti, mwanamke huyu alikuwa anamwita mwanangu, na huyu mwingine wifi. Vitu hivyo vyote vilikuwapo tangu alipofika, yeye ndiye hakuwapo.

Akamkumbuka Amos. Amos alimwacha siku moja, asubuhi moja. Mwaka mzima kabla ya hapo Eveline alikuwa ameshaanza kuachwa, kila siku akingoja, na miezi yote baada ya hapo akaendelea kuachwa kichwani kwake. Hata zile siku nzuri, na zilikuwapo, hakuzila. Na huyu Asukile wangu je, alijiuliza, nimlie leo wakati bado ni wangu? Kesho wakinikataa, nitalia kesho. Nitalia vizuri tu, najijua. Leo hawajanikataa wote, amenikataa mmoja.

Akauweka mkoba chini, nyuma ya kiti, asiuone.

"Mama," alisema, "naomba kingine."

"Eh! Sasa umefika," Mama Asukile akasema.

Ikawa kama mtu amefungua bomba. Eveline akala viazi, akala hindi, akamwiga mkunga wa Kalenga anavyopiga chafya, Ikupa akaanguka kutoka kwenye ndoo kwa kucheka. Ikupa naye akaigeuza ndoo ikawa ngoma. "Wifi, kwenu mnachezaje?" Eveline alikuwa hajacheza mbele ya watu tangu uchumba wake wa kwanza ufe. Akasimama, akajifunga kitenge kiunoni, akacheza ngoma ya kwao hapo barazani, mabega kwanza, halafu miguu. Mama Asukile akaacha mwiko, akaja kumjibu kwa ngoma ya kwake, vigelegele vikapanda hadi vikaishinda mvua.

Bandani pakasikika kikohozi.

"Ng'ombe wenu anakohoa," Eveline alisema, akihema.

"Baridi hiyo," Ikupa akajibu, akaendelea kupiga ndoo.

Wakacheza ya pili, ya tatu. Bandani pakasikika chafya, kubwa, ya kiume. Eveline akasimama kidogo. "Na anapiga chafya?"

"Ng'ombe wa mlimani," Ikupa akasema. "Piga miguu, wifi!"

*

Asukile alirudi kwa miguu, amelowa kama kitambaa cha kudekia, kreti ya soda begani na mfuko wa mchele kwapani. Gari lilikuwa limenasa tena pale pale konani. Alipoiona baraza na Eveline wake akizunguka katikati ya moto na vicheko, kitenge kiunoni na mkaa shavuni, alisahau kutua mzigo. Alisimama mvuani akamtazama. Eveline naye akamwona, akasimama, wakatazamana, mwanamume analowa na mwanamke anahema.

"Gwe! Utazibeba mpaka lini hizo soda?" mama yake akafoka. "Tua!"

"Nachukua sepetu kwanza," Asukile akasema kwa aibu, akatua mzigo, akakimbilia bandani. Akafungua mlango. "Baba! Unafanya nini humu?"

Barazani ngoma ya ndoo ikakatika.

"Funga mlango!" Sauti ya Mzee Anania ilitoka bandani, ya mtu aliyepatwa na mafua. "Funga, anaangalia huku!"

"Nani anaangalia?"

"Mkamwana wangu, nani mwingine! Nimeingia humu nimpishe apite aende jikoni. Akapita. Nikasema ngoja atulie nitoke. Akakaa hapo hapo mbele ya mlango! Nikasema atachoka, ataingia ndani. Hachoki! Tangu mchana anakula na kucheza, na mimi niko na ndama huyu, ananilamba koti. Nitatokaje mimi? Nitapita wapi?"

Ikupa alijifunika uso kwa kanga. Mama Asukile alishika nguzo ya baraza ili asianguke. Eveline aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Mkamwana?" aliuliza. "Anasema mimi?"

Asukile alikuwa ameshika kichwa mlangoni. "Baba, si ulisema utampa mkono? Ulisema mambo ya kupishana ni mpaka posa ipokelewe! Mimi sikumwambia kitu!"

"Nilisema!" mzee akajibu. "Nilisema nitampa mkono kama mgeni, nimtazame kwanza, halafu niamue. Sasa nimetoka shambani namwona huyu mtoto amevua viatu anasukuma gari lako bovu, tope limemjaa usoni, naye anacheka. Nikasema moyoni, huyu simpi mkono. Mkono wa nini? Mgeni ndiye hupewa mkono. Huyu ni mkwe wangu kuanzia leo. Nikatupa jembe nikakimbia."

Eveline akaketi juu ya ile ndoo.

Asukile akaja mbio, akapiga magoti mbele yake, maji yakimchuruzika hadi kidevuni. "Eve, nisamehe. Kwetu Wanyakyusa, watu wa zamani kama baba, mwanamume na mke wa mwanawe hawaonani uso kwa uso. Ni heshima, tunaita kutila. Akikutokea njiani, anakupisha. Ukiingia, anatoka. Anayeachiwa kiti ni mkwe. Mtu asiyekupenda atakaa tu, akuangalie, mnywe naye chai yaishe."

"Kwa hiyo kule shambani..."

"Alikuwa anakupokea."

"Na gazeti?"

"Gazeti gani?"

"Alijifunika gazeti akagonga mlango!" Eveline akasema, na hapo haikujulikana analia au anacheka. Ilikuwa vyote viwili. Akawaeleza, kwa vipande vipande, ya baba yake Amos, ya kiti kitupu, ya mkoba. Mama Asukile akauona mkoba ukichungulia nyuma ya kiti, akaweka mkono mdomoni. "Na mimi nikakuambia atakula ukishaondoka mbele yake! Yesu wangu! Mwanangu, nilidhani huyu kichwa maji amekueleza!"

Asukile hakuwa anacheka tena. Aliishika mikono yote miwili ya Eveline, yake ya baridi, ya Eveline ya moto na yenye chumvi. "Ulidhani umekataliwa tangu saa ngapi?"

"Tangu pale konani."

"Na nimekukuta unacheza."

"Nilikuwa nacheza."

"Kwa nini, Eve?"

Eveline akafikiri. Angeweza kumwambia mengi, ya mvua na ya Amos, lakini yangetaka siku nzima. "Viazi vilikuwa vitamu," alisema.

Asukile alimtazama kwa namna ambayo Eveline aliitunza moyoni, ya mtu aliyepewa kitu asichokitegemea. Angembusu pale pale kama mama yake asingekohoa.

"Mtaendelea baadaye!" Mzee Anania akalia kutoka bandani. "Mimi nina njaa!"

Sasa Eveline akasimama. Alifungua kitenge kiunoni, akamtazama Ikupa, na Ikupa akamwonyesha kwa ishara. Akajifunika kichwa hadi usoni, akageuka, akauelekea ukuta wa jiko, akapiga goti. Mwanamke huyu ambaye miaka yote aliogopa watu kumgeuzia mgongo, leo aligeuza wa kwake mwenyewe, kwa hiari na kwa moyo mweupe, na chini ya kile kitenge alikuwa anatabasamu.

"Tayari, baba!" Asukile akaita.

Mlango wa banda ukalia. Nyayo zikaja, chapa chapa kwenye tope, zikaharakisha zilipofika usawa wa baraza, halafu zikasimama. Eveline alisikia pumzi ya mzee upande wa pili wa nguzo.

"Mama Asukile," mzee alisema, kwa sauti ya upole ambayo hakuitoa bandani, "mwambie mkamwana wangu nyumba hii ni yake. Mwambie nimefurahi." Akapiga chafya. "Na mwambie siku nyingine acheze upande ule wa sebuleni, nipate njia."

"Amesikia, baba," mama akasema.

"Ndaga," Eveline akasema kwenye ukuta, neno la shukrani, la Kinyakyusa pekee alilolijua. "Ndaga fijo." Nyuma yake mzee alicheka, nyayo zikaenda zake ndani.

Simu ya Eveline ikaita mkobani. Alikuwa bado amejifunika alipoipokea.

"Eveline," sauti ya baba mdogo Timotheo ilikuwa nzito. "Nambie. Wamekupokeaje?"

"Kamwene, baba mdogo. Wamenipokea vizuri mno. Posa yao ipokee."

"Na baba yake? Amesemaje?"

"Baba mkwe amenikimbia."

"Amefanya nini?"

"Amenikimbia, baba mdogo! Kutwa nzima! Amejificha hadi kwenye ng'ombe!" Akaanza kucheka tena, na nyuma yake Ikupa akaanza kuipiga ndoo, na Asukile akamvuta mkono.

"Mzee wa watu amekukimbia, wewe unacheka, na mimi niipokee posa? Eveline! Sasa itakuwaje?"

Eveline alilisikia neno lake mwenyewe likimrudia kutoka Iringa, akautazama moto, akaitazama mvua, akamtazama yule kijana aliyelowa.

"Sijui, baba mdogo," alisema. "Nitakueleza kesho nikifika. Viazi vinapoa huku."